MASHAURIANO HATA KATIKA TALAKA



Jioni moja, baada ya sala ya Magharibi, alinijia ndugu mmoja ambaye wakati huo alikuwa na miaka miwili tu tangu asilimu. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa. Baada ya kutoleana salamu alinieleza kwamba yaliyomo ni maneno anayokusudia kuyatamka mbele ya mashahidi, na kwamba shahidi mmoja amekwisha mpata. Akaniomba niwe wa pili. Nikaifungua nikaisoma. Ilikuwa na mistari minne. Ilisema kwamba anamwacha mkewe talaka tatu, na kwamba mke huyo aondoke nyumbani kabla ya Ijumaa. Nilipomwuliza ni nani atakayempelekea mkewe karatasi hiyo, alijibu kwamba ataipeleka binti yao, mwanafunzi wa darasa la nne, kwa kuwa yeye na mama wa binti huyo hawasemezani tena.

Nikamwuliza: "Ndugu yangu, ni nani aliyekufundisha kufanya hivi?"

Akanijibu: "Sheikh, nimesoma mwenyewe katika Kurani kwamba wanahitajika mashahidi wawili waadilifu. Nami nataka kuifuata sheria."

Jibu hilo lilinihuzunisha, walakini sikuweza kumwambia kwamba amesema uongo. Kwa hakika habari ya mashahidi wawili waadilifu imo katika Sura ya 65, At-Talaaq, aya ya 3 (kwa hesabu inayoihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza). Lakini ndugu yetu hakuwa ameisoma aya ya 2 iliyo juu yake, ambayo inakataza kabisa kumtoa mke nyumbani wakati wa eda, isipokuwa kwa uovu ulio dhahiri. Wala hakuwa ameifikia aya ya 7, ambayo inawaamuru hao walioachana washauriane kwa wema. Alichukua aya iliyompa haki yake, akaziacha zile zilizompa wajibu wake.

Nikamwambia: "Leo sitakuwa shahidi. Kaa kitako, tuisome sura nzima." Yale tuliyoyasoma usiku ule, na yale yaliyotokea baadaye, ndiyo ninayokuandikia hapa.

SWALI LA WACHUNGUZI

Mara nyingi wale wanaoichunguza dini ya Kiislamu hutuuliza: Ni dini gani hii ambayo mwanamume hutamka neno moja tu, na nyumba ya miaka ishirini ikavunjika? Haitufai kulijibu swali hili kwa kukana mambo ambayo kila mtu anayaona. Ni kweli kwamba wako Waislamu wanaowaacha wake zao kwa hasira ya dakika moja. Wako wanaowapelekea karatasi, na siku hizi wako wanaoandika talaka katika ujumbe wa simu, kana kwamba wanaghairi safari ya sokoni. Lakini yatupasa tupambanue baina ya matendo ya watu na mafundisho ya dini. Mgonjwa akiimwaga dawa yake, haiwi hoja kwamba dawa hiyo ni mbaya.

Uislamu umeiruhusu talaka, kwa sababu yako maisha ya ndoa ambayo, yakiendelea, huwa ni mateso kwa mume, kwa mke na kwa watoto. Hata hivyo Mtume Mtukufu s.a.w. ametufundisha kwamba katika mambo yote yaliyo halali, linalochukiza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni talaka. Basi jambo lililoruhusiwa kwa namna hii halifanywi kwa haraka, wala halifanywi na mtu mmoja gizani. Lina njia yake, na njia hiyo tangu mwanzo hadi mwisho ni njia ya mashauriano.

MTOTO ANYONYAYE NA AMRI YA MASHAURIANO

Kila Mwislamu hujivunia kwamba dini yake imeamrisha mashauri. Katika Sura ya 3, aya ya 160, Mtume s.a.w. mwenyewe aliamrishwa kushauriana na wafuasi wake. Katika Sura ya 42, aya ya 39, waaminio wamesifiwa kwamba mambo yao huendeshwa kwa kushauriana baina yao. Aya hizi mbili tunazisikia mara kwa mara katika hotuba zinazohusu serikali na uongozi.

Lakini liko neno la mashauriano mahali pengine, ambapo ni wachache wanaopatazama. Napo ni katika Sura ya 2, Al-Baqara, aya ya 234. Hapo hazungumzwi mfalme wala jeshi. Anazungumzwa mtoto anyonyaye. Baada ya kutajwa muda wa miaka miwili ya kunyonyesha, Mwenyezi Mungu amewaruhusu baba na mama kumwachisha mtoto ziwa kabla ya muda huo, kwa masharti mawili: wote wawili wawe wameridhia, na wote wawili wawe wameshauriana. Na aya hiyo imewekwa wapi? Imewekwa katikati ya aya zinazoeleza hukumu za talaka!

Fikiri, ndugu msomaji. Hawa ni watu wawili ambao huenda wamekwisha achana. Pengine kila mmoja hataki hata kuisikia sauti ya mwenzake. Na bado Mola wao anawaambia kwamba baba hana ruhusa ya kuamua peke yake, wala mama hana ruhusa ya kuamua peke yake, hata katika jambo la kumwachisha mtoto ziwa. Katika aya hiyo hiyo imekatazwa mama asidhuriwe kwa ajili ya mtoto wake, wala baba asidhuriwe kwa ajili ya mtoto wake.

Basi ikiwa maziwa ya mtoto yanahitaji ridhaa na mashauriano ya wazazi wote wawili, je, si zaidi sana makazi yake, shule yake, na mali iliyochumwa kwa jasho la wote wawili? Ni dhahiri kwamba talaka hukata kifungo cha ndoa, lakini haikati wajibu wa kushauriana.

WAAMUZI WAWILI

Kabla talaka haijatamkwa, Kurani Tukufu katika Sura ya 4, An-Nisaa, aya ya 36, imeagiza kwamba pakihofiwa mfarakano, wateuliwe waamuzi wawili, mmoja kutoka jamaa za mume na mmoja kutoka jamaa za mke. Nao wawili wakitaka suluhu, Mwenyezi Mungu atawapatanisha.

Huenda mtu akauliza: Kwa nini watoke katika jamaa, wala si watu wa mbali wasio na upande? Hekima yake ni kwamba jamaa anazijua siri za nyumba bila ya kuzitangaza, na tena nyumba ikiungua moshi utamfikia yeye pia. Wa mbali aweza kutoa hukumu akaenda zake. Jamaa atabaki na matokeo.

Imesimuliwa kwamba katika zama za Hadhrat Uthman r.a. walitumwa Ibn Abbas na Muawiya kuamua baina ya Aqil bin Abi Talib na mkewe Fatima binti Utba. Njiani, mmoja wao aliona wafarikishwe, na mwingine hakukubali kuwafarikisha watu wazima wawili wa ukoo ule. Walipofika waliwakuta mume na mke wamekwisha ufunga mlango wao na kupatana wenyewe!

Lakini upatanishi si kulazimisha. Imepokewa katika Sahihi Bukhari habari ya Barira, ambaye alikuwa mtumwa, na alipopata uhuru wake akachagua kuachana na mumewe Mughith. Mughith alimfuata akilia katika njia za Madina. Mtume s.a.w. alimwonea huruma, akamshauri Barira amrudie. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Mtume s.a.w. akamjibu kwamba yeye anaombea tu. Barira akasema kwamba hana haja naye, na hakulazimishwa. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu hakumlazimisha mwanamke mmoja kurudi, sisi ni nani hata tuwalazimishe mabinti zetu kwa kuogopa maneno ya majirani?

EDA NI MUDA WA KUZUNGUMZA

Ikiwa suluhu haikupatikana, ndipo inapofika talaka; nayo ni moja, katika wakati wa twahara, na baada yake eda. Kwa mwanamke anayepata hedhi, eda ni hedhi tatu. Kwa asiyepata, miezi mitatu. Na kwa mjamzito, hadi ajifungue. Mke hukaa katika nyumba ile ile, naye mume humpa matumizi. Katika talaka ya kwanza na ya pili mume anaweza kumrejea mkewe ndani ya muda huo, ikiwa nia yao ni kutengeneza.

Kwa nini Mwenyezi Mungu amewaweka karibu watu wanaoachana? Bila shaka ni ili hasira ipoe, na ili yale yasiyozungumzwa yazungumzwe. Anayemfukuza mkewe siku ya kwanza anaufunga mlango ambao Mola wake ameuacha wazi.

Ama talaka tatu zinazotamkwa kwa mara moja, ni kweli kwamba wanazuoni wengi wa madhehebu manne walizihesabu kuwa ni tatu. Lakini imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas, katika Sahihi Muslim, kwamba katika zama za Mtume s.a.w., na za Hadhrat Abubakar r.a., na katika miaka miwili ya mwanzo ya ukhalifa wa Hadhrat Umar r.a., zilihesabiwa kuwa ni moja. Hili ndilo linaloafikiana na Kurani Tukufu. Maana mtu akiimaliza njia yote kwa pumzi moja, eda itabakiwa na kazi gani?

DAFTARI MBILI

Sasa nirudi kwa ndugu yetu. Mkewe hakuwa amesilimu, naye alikuwa ameambiwa na mtu kwamba kwa sababu hiyo ndoa haina maana. Nilimwonyesha Sura ya 5, aya ya 6, inayoruhusu kuoa wanawake wa watu wa Kitabu. Basi kusilimu kwake hakukuwa sababu ya kumwacha mama wa watoto wake. Ndipo akaieleza sababu ya kweli. Walikuwa wamenunua kiwanja, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka katika cherehani ya mke. Na hati ya kiwanja ikaandikwa kwa jina la kaka wa mume. Tangu siku hiyo hapakuwa na amani.

Tukakubaliana wateuliwe waamuzi. Kwa kuwa ndugu yule hakuwa na jamaa karibu aliyemwamini, alinichagua mimi. Upande wa mke alikuja mjomba wake, mzee wa kanisa, mtu mwenye heshima zake.

Nakiri kosa langu. Nilikwenda siku hiyo nikiwa na daftari ambamo nilikuwa nimeandika makosa tisa ya mwanamke yule. Mjomba naye alikuwa na daftari lake, lenye makosa kumi na moja ya mume. Tukasomeana hadi adhuhuri, kila mmoja akitaka kumshinda mwenzake. Mwishowe mzee yule akalifunga daftari lake, akasema kwa upole: "Sheikh, tukiendelea hivi daftari zitakwisha, na mtoto bado hajalipiwa shule."

Niliona haya. Mimi ndiye niliyekuwa nimemfundisha yule ndugu aya ya waamuzi wawili, na mimi mwenyewe nilikwenda kama askari. Aya imesema ikiwa wao wanataka suluhu. Nami nilikuwa nataka ushindi. Nikalifunga daftari langu pia.

ULIMWENGU UNARUDI KWENYE MASHAURIANO

Inafaa ijulikane kwamba hata wanasheria wa nchi za mbali, waliochoshwa na vita vya talaka mahakamani, wameitafuta njia inayofanana na hii. Mwaka 1990 wakili mmoja wa mji wa Minneapolis huko Marekani, Stuart Webb, aliacha kuzipigania talaka mahakamani akaanzisha utaratibu mpya. Mume huwa na wakili wake na mke wakili wake, nao wanne hukaa pamoja kuzungumza. Mwanzoni kabisa hutia sahihi kwamba hawataligeuza shauri kuwa kesi, na kwamba kila mmoja ataitaja mali yake yote bila ya kuficha. Mazungumzo yakivunjika, mawakili hao hulazimika kujitoa, na wenye shauri hutafuta wengine. Kwa hiyo mawakili hawana faida katika ugomvi. Utaratibu huo umeenea hata Kanada, Uingereza na kwingineko.

Angalia jinsi sharti hili linavyokaribiana na hekima ya waamuzi wa jamaa: yule anayesimamia mazungumzo asiwe mtu atakayefaidika yakivunjika.

Na hapa kwetu, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka, isipokuwa katika hali maalumu, kwamba shauri la talaka lisifikishwe mahakamani kabla ya kupelekwa kwenye baraza la usuluhishi la ndoa na baraza hilo kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha wahusika. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za mke za nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 159, imeziagiza mahakama zihimize upatanishi na usuluhishi. Basi Mwislamu anayekimbilia ugomvi huku dini yake na sheria ya nchi yake zote zikimwita kwenye mazungumzo, atajitetea kwa hoja gani?

PASIPO NA USALAMA

Walakini nisifahamike vibaya. Mashauriano ni ya watu wawili ambao kila mmoja aweza kusema bila ya hofu. Mke anayepigwa, au anayetishwa kwamba atanyang'anywa watoto akifungua kinywa, haketishwi mbele ya anayempiga akaambiwa ashauriane. Kwanza apate usalama. Kurani Tukufu katika Sura ya 2, aya ya 232, imekataza kuwazuia wanawake kwa kuwadhuru, na imemwambia afanyaye hivyo kwamba ameidhulumu nafsi yake. Mtu wa namna hiyo kwenda polisi, kwa kadhi au mahakamani si dhambi wala si kuvunja heshima ya ukoo. Kadhalika mke aliyeuchukia unyumba anayo haki ya kudai khului, kama alivyofanya mke wa Thabit bin Qais, aliyerudisha bustani ya mahari akaachwa huru kwa agizo la Mtume s.a.w.

MAMBO YA KUSHAURIANA

Ikiwa basi, ndugu msomaji, jambo hili limekufika, ketini pamoja na waamuzi wenu mzungumze haya:

Kwanza, makazi: mke atakaa wapi wakati wa eda na baada yake, na kwa matumizi gani.

Pili, mahari na mali: mahari aliyopewa mke hayachukuliwi na mume anayemwacha, hata yakiwa lundo la mali, kama ilivyo katika Sura ya 4, aya ya 21. Mali iliyochumwa pamoja itajwe yote, na madeni yatajwe yote. Anayeficha kiwanja leo atakitolea hesabu kesho mbele ya Ajuaye yote.

Tatu, watoto: watakaa na nani, nani atalipa nini, na watamwona mzazi wa pili siku gani. Na waambiwe habari hii na wazazi wote wawili wakiwa pamoja. Mtoto asifanywe tarishi.

Nne, maneno: kila mmoja aahidi kutomtukana mwenzake mbele ya watoto wala mbele ya watu. Katika Sura ya 2, aya ya 238, hata wanaoachana kabla ya kuingiliana wameambiwa wasisahau kufanyiana ihsani. Basi itakuwaje kwa waliolala chini ya dari moja miaka kumi?

Tano, yaliyokubaliwa yaandikwe, yashuhudiwe, na yafikishwe panapohusika kisheria, ili kesho pasiwe na ubishi.

MWISHO WA HABARI

Pengine ungependa kusikia kwamba yule ndugu na mkewe walipatana. La, hawakupatana. Tulikutana nao mara nne, na baada ya hapo ikatamkwa talaka moja. Mke alikaa nyumbani kwake eda yote, na mume akalala kwa kaka yake. Katika muda huo kaka alikubali hati ya kiwanja ibadilishwe, cherehani ikathibitishwa kuwa ni mali ya mke, na ada ya shule ikachukuliwa na baba. Eda ikaisha, wakaachana. Karatasi ya mwisho haikuwa ya mistari minne bali ya kurasa mbili, nami safari hii niliitia sahihi yangu.

Binti yao hakupeleka karatasi yoyote. Aliambiwa na baba yake na mama yake, wameketi mmoja kulia kwake na mmoja kushoto. Alilia, na wao wakalia pia. Miaka mitatu baadaye alipomaliza darasa la saba, niliwaona wazazi wale wawili kwenye benchi moja katika mahafali, wakimpigia makofi. Na mzee yule wa kanisa, kila tukutanapo, huniuliza kwa tabasamu: "Sheikh, lile daftari lako bado unalo?"

Katika Sura ya 4, aya ya 131, Mwenyezi Mungu ameahidi kwamba wawili wakiachana, Yeye atamtosheleza kila mmoja kutoka katika wasaa Wake. Ahadi hiyo ni ya wawili. Basi kwa nini mtu adhani kwamba hatapata riziki yake mpaka amnyang'anye mwenzake?

Mwenyezi Mungu azidumishe nyumba zetu katika upendo; na pale ambapo hapana budi kuachana, atujalie kuachana kwa wema, kwa ukweli na kwa mashauriano. Amin.